Kubashiri Mpira na Kuuwekea Dau: Je, Ujuzi wa Mchezo Huhalalisha Chumo?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Iko hoja moja inayozunguka katika mabaraza yetu, nayo haisemwi na walevi wala wapotevu. Husemwa na vijana wenye kuswali na kufunga, na baadhi yao wamehitimu vyuo vikuu. Husema kuwa kamari iliyoharimishwa ni ile ya bahati tupu, kama dadu na karata na gurudumu, ambayo mchezaji hana analolijua wala analoliweza. Lakini mpira, wao husema, una elimu yake. Mwenye kuufuatia huwajua wachezaji walioumia na waliopona, humjua mwalimu wa timu na mbinu zake, na hujua ni timu gani hudhoofika ichezapo ugenini. Mtu wa namna hii akibashiri matokeo ya mechi ya kombe na ubashiri wake ukasadifu, basi amelipwa kwa ujuzi wake, kama tabibu na wakili wanavyolipwa kwa ujuzi wao. Kwa nini basi chumo lake liitwe haramu?

Hoja hii yastahiki jawabu. Kumkemea mtu si kumjibu, na kijana aliyekemewa bila ya kujibiwa hurudi kwenye simu yake na moyo wake umetua zaidi kuliko alipokuja. Kwa hivyo tutaichukua hoja hii kwa uadilifu na kuifuata hatua kwa hatua mpaka tuone inakoishia.

Kukisia si kudai ghaibu

Kwanza tuwaambie wazee wetu neno moja. Wako miongoni mwetu wanaomsikia kijana akisema kuwa kesho timu fulani itashinda, mara humwambia kuwa ameingilia elimu ya ghaibu na amekaribia kukufuru. Huku ni kupita mpaka. Nahodha huyatazama mawingu na rangi ya bahari akasema kuwa leo pepo zitageuka. Mkulima huitazama minazi yake akakisia itatoa nazi ngapi. Tabibu humgusa mgonjwa akasema kuwa homa itashuka baada ya siku mbili. Hakuna katika hao aliyedai kujua ghaibu. Kila mmoja amezitazama dalili, akajenga dhana juu yake, naye ajua kuwa dhana yaweza kukosea na kuwa mambo yote yako katika mkono wa Mola wake. Anayeukisia mpira kwa namna hiyo, kisha akasema inshallah, hana kosa, na mazungumzo ya baraza baada ya swala ya alasiri hayaharimiki kwa kutajwa ndani yake nani atafunga na nani atafungwa.

Kosa huanza mtu anapoziacha dalili akaenda kumuuliza mpiga ramli. Na hili, ndugu zetu, halikuletwa na simu wala na kampuni za kigeni. Ni letu wenyewe, na ni la zamani katika mwambao huu. Ni nani asiyesikia habari za hirizi zifukiwazo karibu na goli, na mayai yavunjwayo uwanjani usiku, na mganga anayelipwa na timu kabla mchezaji hajalipwa? Mtume (s.a.w.) ametuonya kuwa mwenye kumwendea mtabiri akamuuliza jambo, swala zake hazikubaliwi kwa siku arubaini. Basi mzee anayemkataza mwanawe kukisia kwa dalili, huku yeye mwenyewe akiwa amewahi kuchanga pesa za mganga wa timu ya mtaa, na aanze kwa nafsi yake.

Na aliye karibu na mpiga ramli ni huyu muuzaji wa zama zetu, anayewatumia watu ujumbe kuwa anazo mechi za hakika, na kuwa kwa shilingi kadhaa atawapa matokeo kabla ya mechi kuchezwa. Jambo lake ni la kuchekesha lau lisingekuwa linaangamiza. Mtu aliye na hakika ya mali nyingi kesho, kwa nini ahangaike leo kukuuzia siri hiyo kwa bei ya mkate?

Je, ujuzi wa mpira hushinda?

Sasa tuingie katika hoja yenyewe. Imesemwa kuwa anayebashiri mechi za kombe hutegemea ujuzi. Na tutazame kombe ni kitu gani.

Ligi ni safari ndefu. Timu hukutana na wenzake wote, nyumbani na ugenini, na baada ya miezi mingi aliye bora kwa kawaida huonekana. Kombe sivyo. Kombe ni mechi moja, na mwenye kushindwa hurudi kwake. Siku moja mbaya, mpira mmoja uliogonga mwamba, mchezaji mmoja aliyetolewa kwa kadi nyekundu, na mwaka mzima umekwisha. Kwa sababu hii watu hulipenda kombe: ndani yake mnyonge huweza kumwangusha mwenye nguvu.

Kombe la FA la Uingereza, ambalo vijana wetu hulifuata kama kwamba linachezwa Makadara, lilianzishwa mwaka wa 1871. Katika fainali ya 1988 Wimbledon iliifunga Liverpool, iliyokuwa bingwa wa ligi, kwa bao 1 kwa 0. Katika fainali ya 2013 Wigan iliifunga Manchester City 1 kwa 0, na Wigan hiyohiyo ikateremshwa daraja msimu huohuo. Katika fainali ya 2025 Crystal Palace, isiyokuwa imewahi kutwaa kombe kubwa katika maisha yake yote, iliifunga Manchester City 1 kwa 0. Na hapa kwetu Kenya, katika Juni 2025, Nairobi United, iliyokuwa msimu huo katika ligi ya daraja la pili, iliifunga Gor Mahia mabao 2 kwa 1 katika fainali ya kombe la taifa. Na Gor Mahia ndiyo klabu iliyotwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mara nyingi kuliko klabu nyingine yoyote. Tumwulize mwenye kudai ujuzi: ujuzi wake ulikuwa wapi siku hizo? Na aliyesema kuwa wanyonge hao watashinda, je, alijua, au alisadifu?

Lakini na tumkubalie kuwa anao ujuzi. Liko jambo jingine asilolitia katika hesabu, nalo ni kuwa mwenye kampuni ana ujuzi huohuo na zaidi, naye ndiye anayepanga malipo. Tutoe mfano mwepesi. Timu mbili zimelingana nguvu, na ni lazima mmoja asonge mbele. Lau malipo yangekuwa ya haki, aliyeweka shilingi 100 na ubashiri wake ukasadifu angelipwa 200. Lakini kampuni haitoi hivyo. Itatoa, mathalan, 185 kwa upande huu na 185 kwa upande ule. Watu wawili wakiweka 100 kila mmoja, huyu huku na huyu kule, kampuni imepokea 200, italipa 185, na 15 zimebaki mkononi mwake, ashinde yeyote atakayeshinda. Kampuni haikubashiri kitu. Waliobashiri ni hao wawili.

Na aliyeunganisha mechi nyingi katika tiketi moja, ile ambayo vijana huiita mkeka, hali yake ni mbaya zaidi. Akiunganisha mechi tano za namna hiyo, njia za matokeo ni 32, na moja tu ndiyo yake. Malipo ya haki yangekuwa mara 32 ya alichokiweka. Kwa kiwango kile cha 1.85 atalipwa mara 21 na kitu. Maana yake ni kuwa katika kila shilingi 32 wanazoweka watu kwa njia hii, shilingi 10 na ushei hubaki kwa kampuni, na kila mkeka unavyorefushwa ndivyo sehemu ya kampuni inavyozidi. Kijana huona ile namba kubwa iliyoandikwa chini ya tiketi; hesabu iliyoizaa haioni. Na jina lenyewe limetupotea: mkeka tuliuzoea kwa kuswalia na kwa kukalia matanga, na leo mtu husema mkeka wake umechanika, na wenziwe wakafahamu kuwa kodi ya nyumba imekwenda.

Na lau ujuzi ungeshinda?

Huenda msomaji akasema: Haya yote yathibitisha kuwa kamari ni biashara mbovu, lakini biashara mbovu si lazima iwe haramu. Amesema kweli. Lau tungesimama hapa, tungekuwa tumemfundisha kijana kuogopa hasara tu, na siku atakayopata faida angetuona waongo. Kwa hivyo na tuchukulie kuwa yuko mtu ambaye ujuzi wake ni wa yakini, hakosei kamwe. Je, chumo lake litakuwa halali?

Katika historia ya umma huu kiko kisa kinachojibu swali hili, na ajabu ni kuwa hutajwa mara chache. Katika mwaka wa 614 Waajemi waliuteka mji wa Baitul Maqdis kutoka kwa Warumi, na makafiri wa Makka wakafurahi, kwa kuwa Waajemi hawakuwa watu wa Kitabu kama wasivyokuwa wao. Zikateremka aya za mwanzo za Surat Ar-Rum, zikabainisha kuwa Warumi baada ya kushindwa kwao watashinda katika miaka michache. Imepokewa na Tirmidhi kuwa Sayyidna Abubakar (r.a.) aliwekeana dau na washirikina juu ya jambo hilo. Mwisho wake ulikuwa kama ilivyoahidiwa, na Warumi wakashinda.

Ndugu msomaji, ulizingatie jambo hili. Hapana ubashiri duniani uliokuwa na msingi madhubuti kuliko huo. Abubakar hakutegemea gazeti wala habari za majeruhi. Alitegemea neno la Mola wake. Na juu ya hayo, riwaya hiyo ya Tirmidhi yaeleza kuwa mambo hayo yalikuwa kabla ya kuharimishwa dau, na katika baadhi ya riwaya za tafsiri imetajwa kuwa mali aliyoipata aliamrishwa aitoe sadaka. Wako wanazuoni waliosema kuwa dau la kudhihirisha ukweli wa dini halikufutwa. Lakini hata hao hawakulifikisha kwenye michezo ya kupitisha wakati. Basi ikiwa yakini ya Abubakar haikulifanya dau kuwa mlango wa riziki kwa Waislamu, itakuwaje dhana ya mtu aliyesoma habari za michezo asubuhi?

Hapa yatubainikia kuwa sababu ya kuharimishwa si upungufu wa ujuzi. Sababu iko katika namna ya chumo lenyewe. Tabibu hulipwa kwa kuwa mgonjwa amepata tiba, na wakili hulipwa kwa kuwa mteja amepata utetezi. Muuza samaki amechukua pesa na mnunuzi amechukua samaki, na kila mmoja amekwenda kwake na kitu alichokitaka. Aliyebashiri sawasawa amempa nani nini? Ubashiri wake haukumlisha mtu wala haukumponya mtu. Pesa alizozipata zilitoka katika mifuko ya wengine waliobashiri kinyume, nao hawakupokea badali yoyote. Ujuzi wake, kama upo, ameutumia kwa jambo moja tu, nalo ni kuwa yeye asiwe miongoni mwa walionyang'anywa.

Mtu atasema: Lakini waliridhiana, na Qur'ani katika Surat An-Nisaa imehalalisha biashara ya kuridhiana. Twasema: Aya hiyo imetaja mambo mawili, biashara na kuridhiana, na radhi peke yake haikuhalalisha kitu kisichokuwa biashara. Tena itazame radhi yenyewe. Mwenye kununua nguo ameridhia pesa zimtoke, kwa kuwa anaitaka nguo. Mwenye kuweka dau hakuridhia hata kidogo zimtoke. Ameziweka kwa tamaa ya kuwa zitamtoka mwenziwe. Kila mmoja ameridhia hasara ya mwingine, na hakuna aliyeridhia ya kwake. Hii si radhi ya biashara.

Wengine husema kuwa biashara pia ni kubahatisha, kwani jahazi laweza kuzama na bidhaa yaweza kuoza. Ni kweli kuwa mfanyabiashara hukabili hatari, lakini hatari hiyo imekuja pamoja na kazi. Aliyepeleka boriti Arabuni na kurudi na tende alikuwa na kazi yenye manufaa kwa watu wa huku na wa huko, na bahari ilikuwa njiani, hakuipanda kwa ajili ya kuitafuta hatari. Mcheza kamari huiumba hatari mahali isipokuwepo. Timu mbili zitacheza, na lau hakuna aliyeweka dau, hakuna ambaye angepoteza shilingi. Hatari hiyo haikuhitajiwa na mtu, imezalishwa makusudi ili mali ihame bila ya kazi.

Na ajuaye fiqhi atakumbusha kuwa sheria imeruhusu zawadi katika mashindano. Naam, imeruhusu. Katika madhehebu yetu ya Shafii, Imamu Nawawi katika Minhaj amelieleza jambo hili katika mlango wake, juu ya mbio za farasi na ngamia na kulenga shabaha, kwa kuwa hayo ni mazoezi ya kuulinda umma. Na hata hapo, washindani wawili hawaachiwi kila mmoja kutoa mali yake ili mshindi azoe zote, isipokuwa aingie wa tatu aliye hodari mfano wao, asiyetoa kitu. Lakini lizingatie hili zaidi: anayepata zawadi ni mpanda farasi na mrusha mshale. Aliyekaa pembeni akitazama na kusema nani atashinda hakuruhusiwa dau lolote. Na mcheza kamari ya mpira ndiye huyo wa pembeni.

Imebaki sura moja ndogo inayoulizwa sana. Redio ikiwataka wasikilizaji wabashiri matokeo, na aliyesadifu akapewa fulana au mpira, je, hii ni kamari? Iwapo msikilizaji hakutoa kitu na hakuna anayepoteza, hiyo yafanana na zawadi kuliko kamari, na wanazuoni wengi wameipa wepesi. Lakini iwapo ujumbe wa kushiriki umetozwa zaidi ya ada yake ya kawaida, na zawadi yatoka katika pesa hizohizo, basi jina limebadilika na jambo ni lilelile.

Manufaa yaliyomo

Yuko atakayetukabili kwa hoja ya manufaa, naye asidharauliwe. Atasema kuwa kampuni za kamari ndizo zilizoushikilia mpira wa Kenya. Mwaka wa 2019 Bandari, timu ya mji wetu wa Mombasa, ilitwaa kombe la taifa kwa kuifunga Kariobangi Sharks, na watu wa pwani wakafurahi kwa haki. Na kombe hilo wakati huo lilichukua jina la kampuni ya kamari, likiitwa SportPesa Shield. Mwaka huohuo wa 2019 serikali ilipokataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa, klabu za Gor Mahia na AFC Leopards zilipoteza udhamini wao, na wachezaji wakakaa bila ya mishahara. Na mwaka wa 2025 kombe la taifa lilikuwa tena na jina la kampuni nyingine ya kamari. Basi je, tutaua mpira?

Twasema: Qur'ani haikukanusha manufaa hayo. Katika Surat Al-Baqara, aya ya 219, imekiri kuwa katika ulevi na kamari yamo manufaa kwa watu, kisha ikabainisha kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Na wafasiri wametueleza manufaa hayo yalikuwa nini. Waarabu wa zama za ujahilia walikuwa wakimchinja ngamia, wakamgawa mafungu, kisha wakatoa mishale kumi, saba ina mafungu na mitatu haina kitu. Aliyetokewa na mishale mitupu alilipa gharama ya ngamia. Na walioshinda, kwa desturi yao, hawakula nyama ile: waliwapa masikini, na waliona fahari kufanya hivyo, na asiyeshiriki walimwita bahili. Basi kamari iliyoharimishwa mwanzo ilikuwa ikiwalisha masikini wakati wa njaa, na juu ya hayo ikaharimishwa. Kampuni ya leo inayochukua shilingi mia kutoka Kisauni na Likoni na Majengo, ikarudisha shilingi chache kwa jezi na kikombe, ina hoja gani iliyo na nguvu kuliko ngamia yule?

Tena tujiulize, mdhamini wa kweli ni nani? Pesa hizo zilitoka kwa mchukuzi wa bandarini, na kijana wa bodaboda, na mama anayeuza viazi vya karai ambaye mwanawe alichukua simu yake usiku. Hao ndio waliolipia kombe, na majina yao hayakuandikwa juu yake.

Na wala tusidanganyike kwa leseni. Dola imekuwa na sheria ya kamari tangu 1966, na mwaka wa 2025 ikatungwa sheria nyingine mahali pake. Sheria hizo hupanga na hutoza kodi na huwazuia wasiotimia miaka 18, na si kazi yake kumwambia Mwislamu lililo halali kwa Mola wake.

Linaloharibika moyoni

Surat Al-Maida, aya ya 91, imetaja makusudio mawili ya shetani katika kamari: kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia wasimkumbuke Mwenyezi Mungu na wasiswali. Tazama namna yote mawili yanavyotimia mikononi mwetu. Tangu pesa zilipoanza kutumwa kwa simu mwaka wa 2007, nyumba ya kamari haina tena mlango unaoogopa kuonekana ukiuingia. Imo katika mfuko wa kanzu. Mtu yumo msikitini, imamu yuko katika rakaa ya mwisho, na yeye moyo wake uko dakika ya themanini na tano.

Na uadui wake ni wa namna ya ajabu. Shabiki wa kweli huhuzunika timu yake ikifungwa na hufurahi ikishinda, na mapenzi hayo yana uungwana ndani yake. Lakini mwenye dau hana timu. Leo ameona malipo ni makubwa upande wa wageni, akaweka pesa zake huko, na Bandari ikicheza Mbaraki atakaa kati ya jirani zake akiomba kimoyomoyo mji wake ufungwe. Hakuna aliyemlazimisha. Shilingi mia imetosha kumgeuza. Na mchezaji naye, ajuapo kuwa mali nyingi imefungwa kwenye mguu wake, hujaribiwa: mwaka wa 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne kwa kupanga matokeo ya mechi za ligi ya Kenya, na mmoja wao amefungiwa maisha. Wanaoupenda mpira ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kuichukia kamari yake.

Yanayotuwajibikia

Kwanza, tusiwe wepesi wa kualikana. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa mwenye kumwita mwenziwe waje wacheze kamari, na atoe sadaka. Mwaliko peke yake umetakiwa kafara, dau halijawekwa bado. Basi anayewatumia wenziwe kila Ijumaa jioni orodha ya mechi za kesho zilizopangiwa dau, na ajue kuwa amewaalika watu wangapi.

Pili, aliyeingia asitengwe. Wengi wao wana madeni wasiyoweza kuyataja mbele ya baba zao, na haya hiyo ndiyo inayowarudisha kwenye kamari kutafuta walichokipoteza. Mzazi akimpokea mwanawe na kumsaidia kupanga deni lake kidogo kidogo, amefunga mlango ambao mawaidha mia hayaufungi. Na aliye na pesa za kamari mkononi, wanazuoni wamefundisha kuwa mali ya haramu hutolewa kwa masikini au maslaha ya watu kwa nia ya kujiepusha nayo, si kwa kutafuta thawabu. Kamati za misikiti na madrasa zizingatie hili: mchango wa aliyeshinda kamari usitangazwe kwa kipaza sauti na kuombewa dua kama sadaka njema, watoto wakasikia.

Tatu, na hili ni letu sote. Kijana asiyekuwa na kazi, asiyekuwa na uwanja wa kuchezea, asiyekuwa na mkopo usio na riba wa kuanzia hata biashara ya mkokoteni, tukimwambia tu kuwa kamari ni haramu tumemwambia kweli nasi tumemwacha palepale. Matajiri wetu hutoa kwa ukarimu mapambo ya misikiti na karamu za harusi. Kombe moja la mtaa, lenye mdhamini mfanyabiashara wa halali, na hazina moja ya kukopeshana kwa wema katika kila mtaa, si mambo yaliyo juu ya uwezo wetu. Kampuni za kamari zilipata nafasi ya kuandika majina yao juu ya makombe yetu kwa kuwa nafasi ilikuwa tupu.

Basi kijana aliyeuliza tumemjibu hivi. Bashiri upendavyo, kwa dalili, na useme inshallah. Furahia mpira, na upende mji wako. Lakini ujuzi usiomnufaisha mtu yeyote hauna ujira, na mali iliyotoka kwa nduguyo bila ya badali haitakuwa yako kwa kuwa ulikisia vyema. Mwenye kuona kosa katika maelezo yetu na atuandikie kwa dalili, nasi tutaichapa barua yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake na atukinge na haramu yake, na awaongoe vijana wetu na sisi wazee wao. Wabillahi tawfiq.